Kabla Uongeze Pakeji ya Waifai, Toa Ruta Nyuma ya TV

Wasee, leo nina hasira na sitaificha. Miezi mitano nimekuwa nikilipa shilingi 1,000 zaidi kila mwezi kwa intaneti ambayo haikuwa inafika chumbani kwangu. Elfu tano! Hiyo ningenunua taa ya kurekodia na chenji ibaki.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na pakeji ya megabiti 10. Nikiwa chumbani, video moja ilichukua usiku mzima kupanda, na dadangu mdogo akiingia darasa la mtandaoni sauti inakatika mpaka mwalimu anadhani ametoroka. Nikapigia kampuni. Aliyeshika simu hakuuliza ruta iko wapi, nyumba ni ya aina gani, wala chumba gani ndicho kina shida. Aliuliza tu nalipia pakeji gani, kisha akasema, "Nakushauri upande hadi 20." Nikapanda. Chumbani, mambo ni yale yale.

Mwezi uliopita ndio nilifanya kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza. Nilisimama mita moja kutoka kwa ruta nikapima spidi: 19. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikapima tena: 2. Sasa niambie, hapo shida ni pakeji? Maji yamejaa hadi kwa geti, bomba la ndani ndilo limeziba, na mtu bado anakuuzia maji zaidi.

Nyumba zetu ni za mawe na zege, si zile kuta za mbao na jipsamu tunazoona kwa video za Marekani. Waifai ni mawimbi ya redio, na jiwe, zege na chuma huyala. Fundi aliweka ruta wapi? Kwa kona, nyuma ya TV, kando ya grili ya dirisha, kwa sababu waya uliingilia hapo na alikuwa anakimbilia kazi nyingine. Na mimi nikaiacha hapo mwaka mzima kwa sababu taa zake zinaonekana mbaya sebuleni. Hiyo ni yangu, nakubali. Kile kisanduku cha faiba nilikiacha palepale, nikavuta kebo ya mtandao hadi koridoni na kuweka ruta juu ya kabati.

Halafu kuna majirani. Kama unaishi kwa fleti za Pipeline, Umoja au Zimmerman, fungua orodha ya waifai kwa simu yako uhesabu majina. Mimi nilipata 23. Programu ya bure ya kuangalia chaneli ikanionyesha kwamba karibu wote wamerundikana chaneli ya 6, na mimi nikiwa humo. Ni kama makanga wote wa steji moja kuita "tao, tao" kwa pamoja. Katika masafa ya 2.4, chaneli ambazo haziingiliani ni 1, 6 na 11 tu. Ruta yangu ilikuwa imekwama kwa 6, upana umewekwa 40, yaani inachukua sehemu kubwa ya barabara ambayo tayari imejaa. Nikaweka chaneli 1, upana 20. Simu na laptopu zinazoweza 5 nikazihamishia huko, kwa sababu kuna nafasi zaidi na spidi ni nzuri, ila mawimbi yake huchoka haraka kwa ukuta. Na usidanganywe eti ongeza tu nguvu ya ruta hadi mwisho. Ruta ikipiga kelele, simu yako bado inajibu kwa sauti yake ndogo.

Chumbani sasa napata 14.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni kwamba kugusa hizi seting nilihitaji pasiwedi ya kuingia ndani ya ruta, na fundi alikuwa ameninyima. "Boss, hiyo ni ya kampuni." Nilipiga simu mara tatu ndio nikapewa. Ilikuwa neno ambalo mtoto wa chekechea angebahatisha, kwa hivyo jirani yeyote ambaye nimewahi kumpa waifai angeweza kuingia ndani. Mimi tu, ninayelipa, ndiye nilikuwa nimefungiwa nje!

Najua watasema watu wataharibu seting halafu wasumbue na simu. Sawa, fungeni ukurasa wenye laini yenu ya faiba. Chaneli, jina na pasiwedi za waifai yangu zinawahusu nini? Na fundi akiwa tayari yuko kwangu, ni dakika ngapi kutembea na simu kutoka sebuleni hadi chumbani akipima?

Sisemi pakeji haijawahi kuwa shida. Pima ukiwa kando ya ruta, na kama unaweza tumia laptopu iliyochomekwa kebo. Ukipata 3 na unalipia 10, hapo wapigie kampuni na usikubali kuuziwa chochote.

Mimi nimerudi pakeji ya 10. Chumbani inanipa 8, na dada hatoroki darasa tena. Jirani wa juu ameniomba nimwangalizie yake. Nimemwambia nitakuja Jumamosi, lakini kwanza aitoe nyuma ya friji.