YAFAA KUJUA: Kobe Wakubwa wa Karungu

Mkazi wa Kisumu amjua kobe. Ndiye yule mdogo wa kubebwa mkononi, ambaye Wajaluo humwita opuk na kumsifu kwa werevu katika hadithi zao. Lakini ni wachache wajuao kwamba zamani sana nchi hii ya ziwa ilikuwa na kobe wa namna nyingine.

Mwaka 1911 mtaalamu wa miamba, Dr. Felix Oswald, alikwenda Karungu, katika Kaunti ya Migori ya leo, akachimbua mifupa iliyogeuka mawe. Miongoni mwake yalikuwamo mabaki ya kobe mkubwa. Mwaka 1914 mtaalamu C. W. Andrews alimpa kobe huyo jina la Kilatini lenye maana ya "mnene". Aliishi zaidi ya miaka milioni 17 iliyopita, kabla ya Ziwa Victoria lenyewe kuwapo.

Msafiri atakaye kuona kobe wakubwa walio hai porini aweza kuvuka bahari hata Aldabra, kisiwa cha Shelisheli. Huko wako wapatao 100,000, nao hula majani kama ng'ombe. Dume aweza kufikia kilo 250. Wale wa Changuu, karibu na mji wa Unguja, hutunzwa na watu. Wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Kobe hawa waweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji, na sifa hiyo ndiyo iliyowaponza. Mabaharia waliwapakia merikebuni wakiwa hai, wawe akiba ya nyama, hata wakatoweka katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi. Aldabra iliokoka kwa kuwa iko mbali na maji yake matamu ni haba. Mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia Gavana wa Mauritius wakiomba kobe hao walindwe.

Nao ni wavumilivu ajabu. Desemba 2004 mmoja alitoka baharini huko Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, amekonda, na makombe madogo ya baharini yameota miguuni pake. Wataalamu waamini kwamba alielea kutoka Aldabra, mwendo wa kilomita 740 hivi.

Basi, opuk naye astahili kuangaliwa. Moto wa nyika ukija, swala hukimbia na ndege huruka. Kobe huingiza kichwa ndani ya gamba akangoja, akaungua papo hapo. Mkulima asafishaye shamba na afyeke kwa panga, na kama hana budi kuchoma, kwanza apite magugu yote akimtafuta. Kobe wa Karungu hakumalizwa na mtu. Huyu mdogo akitoweka, hapatakuwa na wa kulaumiwa ila mwenye kibiriti.