Hesabu Imo Mtungini

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini hawakutuambia kibaba hujaa kwa kasi gani.

Kwetu Ngong maji ya mfereji hayaji kila siku. Yakija, mlinzi wa mitungi ni mimi. Jioni moja mama aliniachia mtungi wa lita 20. Maji yalikuwa yakipanda polepole, nikasema, "Aa, bado sana." Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kuinuka, maji yanatiririka uani! Nilikaripiwa vilivyo, na nilistahili.

Usiku huo nikamkuta kaka yangu wa kidato cha nne akihangaika na swali la kalkulasi. Maji yanaingia kwenye chombo chenye umbo la faneli. Je, kina kinaongezeka kwa kasi gani? Swali kama hilo lilikuwa limempa sufuri mtihanini. Nikakumbuka mtungi wangu.

Tuseme mfereji unatoa lita 6 kwa dakika, yaani sentimita za ujazo 6,000. Tumboni mwa mtungi, penye eneo la sentimita mraba 600, gawanya 6,000 kwa 600: maji hupanda sentimita 10 kwa dakika. Shingoni, penye sentimita mraba 20, hupanda sentimita 300 kwa dakika, yaani 5 kwa sekunde! Mfereji ni ule ule. Kilichobadilika ni upana wa chombo.

Kosa la kaka lilikuwa kosa langu. Alitia kipimo kimoja cha upana mwanzoni akakishikilia hadi mwisho, ilhali upana wa faneli hubadilika kadiri maji yanavyopanda.

Kwa maoni yangu, hesabu hizi hazituangushi kwa ugumu, bali kwa pupa yetu. Kwanza tuulizane kwa Kiswahili: kipi kinabadilika? Kipi hakibadiliki? Vinahusianaje? Tarakimu za wakati ule mmoja ziingie mwisho.

Najua wengine watasema, "Lakini mtihani ni wa Kiingereza!" Sawa, tuandike kwa Kiingereza, lakini huwezi kuandika usichokielewa. Nanyi walimu wetu wapendwa, tafadhali leteni mtungi darasani kabla ya kushika chaki.

Mimi sasa kamba za viatu nazifunga mapema.