Ng'ombe 99 waachwe porini? Thubutu!

Wiki iliyopita hukuniona hapa kwa sababu nilikuwa Tarime kwa shangazi, na kwa shangazi Jumapili huulizwi kama unakwenda kanisani. Unaulizwa kama umeshaoga.

Basi bwana, nikajikongoja na jinzi langu lililotoboka magotini (ndiyo mtindo, mnajua), nikakaa nyuma karibu na mlango tayari kwa kusinzia. Mahubiri niliyozoea mjini ni spika, jasho na "semeni ameni!" Huyu wa Tarime hakupaza hata sauti. Akafungua Luka 15, habari ya mwenye kondoo 100 aliyepotelewa na mmoja, akawaacha 99 nyikani kwenda kumtafuta. Akafunga kitabu, akatutazama.

"Sasa tuseme ni ng'ombe. Wazee, nani hapa atawaacha 99 porini?"

Kanisa likalipuka. Mzee mmoja mwenye fimbo akajibu palepale: "Mchungaji, ukirudi na huyo mmoja, wale 99 wameshalala Kenya!"

Jamani, nilicheka mpaka machozi. Mpaka wa Sirari ni pua na mdomo, na wizi wa ng'ombe kule si hadithi. Umeua watu, umegombanisha koo na koo. Lakini hata kina mama wa kwaya walikuwa wanashikana mabega.

Mchungaji akawaacha wamalize. Akauliza tena, ng'ombe akiibwa mnafanyaje? Wakamweleza kwa raha zao: yowe linapigwa, vijana wanafuata nyayo usiku kucha, mvua inyeshe isinyeshe, hakuna anayeuliza nani amekula.

"Na binti akikimbilia Mugumu?"

Kimya. Nilisikia mbuzi akilia nje.

Kama hujui, Mugumu, wilayani Serengeti, kuna nyumba salama iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa ajili ya wasichana wanaokimbia kukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, lakini ikifika Desemba ya msimu wa tohara, wapo wanaotoroka usiku kwa miguu. Nyumbani wanaambiwa wametia aibu, na ng'ombe wa mahari wameota mbawa.

Mimi na wanaosema kanisani si mahali pa vichekesho huwa hatuivi chungu kimoja. Yesu mwenyewe alizungumzia ngamia kupita kwenye tundu la sindano, na boriti ndani ya jicho la mtu. Nani asingecheka? Yule mchungaji angeanza na ukeketaji, wazee wangefunga mikono kifuani kama wanavyofanya kwenye semina. Yeye alisubiri midomo iwe wazi, kama mama anayemnywesha mtoto kwinini.

Mzee wa fimbo ndiye aliyeombwa afunge kwa sala. Akaomba mvua, akaombea mifugo, akamwombea Rais, akaomba mgeni kutoka Dar apate suruali nzima. Vicheko tena. Halafu akanyamaza muda mrefu, hata nikafumbua jicho moja.

"Na yule wa Mugumu," akasema. Hakutaja jina. "Amina."

Njiani shangazi akaninong'oneza kwamba ni mjukuu wake.

Jumatatu asubuhi mzee alimtuma mtoto aniletee suruali ya kitambaa. Inanibana kiunoni.