Wengi Wape

Wahenga wetu walisema, "Wengi wape." Hawakusema wengi wapewe iwapo wanakaa mahali pamoja, wala hawakusema wapewe iwapo ni watu wa mji fulani. Neno lao ni fupi kwa sababu haki yenyewe ni fupi: palipo na shauri la watu wote, nao wakagawanyika, upande wa wengi ndio upewe. Ewe msomaji, tulichukue neno hili tuliweke mbele ya taifa moja kubwa linalojinadi ulimwenguni kuwa mwalimu wa demokrasia, tuone kama mwalimu hutenda afundishalo. Taifa hilo ni Marekani, na jambo tutakalolipima ni jinsi limpatavyo rais wake.

Watu wengi hudhani kwamba Mmarekani akiingia katika chumba cha kura humchagua rais. Sivyo. Huchagua kundi la wajumbe, na wajumbe hao ndio wampigiao rais kura katika mwezi wa Desemba. Jumla yao ni 538. Kila jimbo hupewa wajumbe kwa idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, kisha huongezewa wawili kwa ajili ya maseneta wake wawili. Mji mkuu wa Washington, ambao si jimbo, ulipewa watatu kwa badiliko la Katiba la mwaka 1961. Apataye wajumbe 270 ndiye rais. Katika majimbo 48 mshindi wa jimbo huchukua wajumbe wote, hata akimshinda mwenziwe kwa kura moja. Maine na Nebraska peke yake ndiyo yagawayo. Ikiwa hapana afikaye 270, shauri hupelekwa katika Baraza la Wawakilishi, na huko kila jimbo, liwe kubwa au dogo, hupiga kura moja tu.

Mti hujulikana kwa matunda yake. Mara tano mtu aliyepata kura nyingi za wananchi ameukosa urais. Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura na kwa wajumbe pia, lakini hakufikia wajumbe waliotakiwa, na Baraza la Wawakilishi likampa John Quincy Adams. Mwaka 1876 Samuel Tilden aliwashinda wenzake kwa kura, akanyimwa urais kwa mjumbe mmoja: Rutherford Hayes alihesabiwa 185, yeye 184. Mwaka 1888 ilikuwa zamu ya Grover Cleveland kushindwa na Benjamin Harrison aliyepata kura chache kuliko zake. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush kwa kura zaidi ya nusu milioni katika nchi nzima, lakini katika jimbo la Florida Bush alihesabiwa kuwa mbele kwa kura 537, na kura hizo 537 zikawa nzito kuliko ile nusu milioni. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, akashindwa. Ikiwa wengi hushindwa na wachache bila ya wizi wala hila, bali kwa amri ya sheria yenyewe, basi kosa halimo katika watu. Limo katika sheria.

Tuitazame mizani yenyewe. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 jimbo la Wyoming lilikuwa na watu wapatao 577,000, nalo lina wajumbe watatu. California ilikuwa na watu wapatao milioni 39.5, nayo ina wajumbe 54. Gawanya mwenyewe, msomaji. Huko Wyoming kila watu 192,000 wana mjumbe mmoja. Huko California mjumbe mmoja ni wa watu zaidi ya 730,000. Mtu wa Wyoming anapimiwa kwa pishi, na mtu wa California anapimiwa kwa kibaba, nao wote ni raia wa nchi moja, walipa kodi kwa hazina moja, na watoto wao hufa katika vita vile vile. Mwenye duka akikupimia hivyo, ungemwitaje?

Na hilo si baya kuliko yote. Sheria ya mshindi kuchukua wote huwafuta watu kama chaki ubaoni. Mwaka 2020 Donald Trump alipata kura zaidi ya milioni sita katika California, nyingi kuliko alizopata katika jimbo jingine lolote. Hazikumpa hata mjumbe mmoja. Joseph Biden naye alipata zaidi ya milioni tano katika Texas, zikapotea vivyo hivyo. Tazama basi ajabu hii: Biden aliongoza katika nchi nzima kwa kura zaidi ya milioni saba, lakini ushindi wake ulisimama juu ya Arizona, Georgia na Wisconsin, ambako kwa jumla alizidi kwa kura zisizofika 43,000. Angaliyakosa majimbo hayo matatu, wajumbe wangalikuwa 269 kwa 269. Mamilioni saba yaning'inia kwa uzi wa maelfu!

Asikwambie mtu kwamba malalamiko haya ni ya chama kimoja. Mwaka 2004 George W. Bush alimzidi John Kerry kwa kura milioni tatu katika nchi nzima. Katika Ohio alimzidi kwa kura zisizofika 119,000. Lau watu 60,000 wa Ohio wangaligeuka, Kerry angalikuwa rais na mamilioni yale matatu yangalikuwa bure. Kisu hiki hakina rafiki. Kimekata upande mmoja, na kilikaribia kukata upande wa pili.

Sasa tuulize desturi hii ilitoka wapi. Katika mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1787, James Wilson wa Pennsylvania alishauri kwamba rais achaguliwe na watu wenyewe. Wako waliopinga kwa hofu kwamba nchi ni pana, habari ni haba, na mwananchi hatawajua watu wa majimbo ya mbali. Hofu hiyo ilikuwa na maana katika siku za farasi na jahazi. Lakini ilikuwako sababu nyingine, nayo ina aibu. James Madison wa Virginia alikiri katika mkutano ule kwamba kura ya watu ingewapunguzia nguvu watu wa Kusini, kwa kuwa watumwa wao hawangepiga kura. Katiba ilikwisha kukubali kuhesabu watumwa watano kuwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, na wajumbe wa kumchagua rais wakafuata hesabu hiyo hiyo. Hivyo mtumwa hakuwa na kura, lakini kiwiliwili chake kilimwongezea bwana wake uzito. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais, miaka 32 alitawala mtu wa Virginia, jimbo lililokuwa na watumwa wengi kuliko yote. Utumwa umekufa, lakini mizani iliyotengenezwa katika zama zake ingali ikitumika dukani.

Haki yataka tuwasikilize watetezi wake pia. Husema kwanza kwamba desturi hii huyalinda majimbo madogo yasimezwe. Jawabu ni hili: yalindwa na nani? Katika uchaguzi wa mwaka 2024 wagombea walizitumia siku zao nyingi na fedha zao nyingi katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Miongoni mwa saba hayo, Nevada peke yake ndiyo yenye wajumbe wasiofika kumi. Wyoming, Vermont na Delaware hazibembelezwi na mtu, kwa kuwa jawabu lao lajulikana kabla ya siku. Lindo gani hili ambalo mlindwa hatembelewi na mlinzi?

Husema pili kwamba kura ya watu ingeitia nchi mikononi mwa miji mikubwa. Hesabu huikana hofu hii. Watu wote wa miji kumi iliyo mikubwa kuliko yote katika Marekani, kwa hesabu ya mwaka 2020, walikuwa kama milioni 26 katika milioni 331. Hawafiki wanane katika kila mia. Tena watu wa mji si kundi la kondoo waendao kwa mbiu moja. Wao nao hugawanyika. Na hata wangekuwa wengi, ni dhambi gani kukaa mjini? Kura ni ya mtu, si ya ekari.

Husema tatu kwamba Marekani ni muungano wa majimbo, na kwamba majimbo yafaa kuwa na sauti. Hii ndiyo hoja yao iliyo bora, nami siidharau. Lakini majimbo yanayo sauti yao tayari katika Seneti, ambako Wyoming na California ni sawasawa, maseneta wawili kwa wawili. Rais si mjumbe wa majimbo. Ni mtumishi wa watu wote, na amri yake humfikia kila mtu nyumbani kwake bila ya kupitia kwa gavana. Amtumikiaye mtu na achaguliwe na mtu.

Ikiwa shabaha ni kumzuia rais asiwe wa upande mmoja wa nchi, iko njia isiyoiba kura ya mtu, na msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali kuiona. Katiba yetu ya mwaka 2010 yataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na tena apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Sharti la pili humlazimisha mgombea kutembea nchini, lakini halimpi kamwe ushindi aliyeshindwa kwa kura. Asipopatikana wa kutimiza masharti, wawili walioongoza hurudi kwa wananchi wale wale. Sisemi kwamba uchaguzi wetu hauna mawaa. Nasema kwamba mizani yenyewe ni ya haki.

Nasi twajua ladha ya mizani nyingine. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, wengi hawakuruhusiwa kupiga kura kabisa, na katika walioruhusiwa, mtu mmoja aliweza kupewa hata kura tatu kwa sababu ya elimu yake, mali yake au utumishi wake. Waliodai uhuru waliikataa hesabu hiyo, wakadai mtu mmoja kura moja. Dai lile halikuwa la Kenya peke yake. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe iliivunja desturi ya jimbo la Georgia iliyoipa kaunti ndogo uzito mkubwa katika kuteua wagombea, ikashika kanuni hiyo hiyo ya mtu mmoja kura moja. Na mwaka 2020 wananchi wa Mississippi waliifuta kanuni ya mwaka 1890 iliyomtaka gavana ashinde pia katika wilaya nyingi za uchaguzi. Leo kila gavana wa Marekani huchaguliwa kwa kura za watu. Ni rais peke yake aliyebaki.

Dawa yajulikana, na mara moja ilikaribia kunywewa. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilikubali kwa kura 338 dhidi ya 70 kuibadili Katiba ili watu wamchague rais wenyewe. Mwaka uliofuata shauri hilo likazuiwa katika Seneti kwa maneno yasiyokwisha, likafa. Kubadili Katiba ni kazi nzito, maana hutaka theluthi mbili za mabaraza yote mawili na robo tatu ya majimbo. Kwa hiyo tangu mwaka 2007, Maryland ilipotangulia, majimbo kadhaa yameingia katika mapatano ya kumpa wajumbe wao mshindi wa kura za nchi nzima, mapatano yatakayofanya kazi siku wajumbe hao watakapofika 270. Kufikia mwaka 2024 walikuwa 209.

Wako wasemao kwamba mwaka 2024 mshindi wa wajumbe alikuwa mshindi wa kura pia, kwa hiyo jambo limekwisha. Mizani mbovu nayo husema kweli siku nyingine. Haifanyi hivyo kuwa nzima. Ewe kijana, utakapofika umri wa kupiga kura, watakuja watu wenye maneno matamu kukueleza kwa nini kura ya fulani iwe nzito kuliko yako, au yako iwe nzito kuliko ya fulani. Watataja historia, watataja usalama, watataja hekima ya waliotangulia. Wasikilize kwa adabu, kisha waulize swali moja: walioshinda kwa hesabu, kwa nini wasipewe?