Kama Haizimiki, Hiyo Si Huduma

Wasee, tuache kudanganyana. Ukianzisha thredi yako kienyeji ndani ya seva ya Java halafu uiite huduma, umefunga nyumba na jiko linawaka.

Mimi nilifanya hivyo. Nilikuwa nimeacha chuo, nikapata kibarua cha kutumia watu wa chama SMS za kuwakumbusha michango. Siku moja nikabadilisha programu, nikaipandisha tena bila kuzima seva. Kumbe thredi ya zamani bado iko hai! Kila mtu akapata SMS mara mbili, salio likaisha kabla ya saa sita, na pesa ikatoka kwa mfuko wangu.

Dawa ilikuwepo kitambo, tena ya wazee: MBean. Unaandika interfesi, tuseme KikumbushoMBean, na klasi inaitwa Kikumbusho. Majina yasipolingana hivyo, JMX inakukataa. Ndani unaweka start na stop. Kwa JBoss, na WildFly iliyoirithi, unaipakia kama faili la .sar lenye jboss-service.xml ndani ya META-INF. Sasa seva yenyewe ndiyo inaita start ikiipandisha, na stop ikiitoa. Hata unaweza kufungua jconsole uone SMS ngapi zimeenda.

Najua mtaniambia Spring Boot ilimaliza hii story. Sawa. Lakini nyinyi mnaocheka XML, nionyesheni stop yenu iko wapi. Na iwe inangoja thredi imalize kazi. Yangu ya kwanza ilikuwa tupu, na seva haikulalamika hata kidogo.