Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Mkoa wa Maniema

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kabambare. Najua barua nyingi zinazokufikia Kindu zinaomba dawa. Hii inaomba mvuke.

Mwaka juzi shemeji yangu alijifungua kwa kupasuliwa, katika hospitali moja ya huku ambayo sitaitaja, kwani waliomhudumia walijitahidi kwa moyo wote. Kwanza tuliambiwa tulete esansi ya jenereta. Tukachangishana, zikapatikana lita tano. Zilitosha taa tu. Otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, haikuwashwa; mikasi na koleo vilichemshwa ndani ya sufuria, juu ya mbabula, uani. Nina hakika, kwa sababu aliyepepea makaa ni mimi. Mtoto alilia vizuri. Siku ya sita mshono ukaanza kutoa usaha, na mama mtu akalala pale wiki saba. Sisemi ni sufuria iliyomtia usaha, maana vijidudu vina njia nyingi. Nasema hakuna aliyeweza kutuambia kwamba si sufuria.

Maji yanayochemka wazi hayavuki nyuzi 100, na mbegu za kijidudu cha pepopunda huweza kuvumilia joto hilo. Mvuke uliobanwa ndani ya otoklavu hufika nyuzi 121. Vifurushi vya vyombo vikikaa humo nusu saa, baada ya hewa kutolewa yote, mbegu hizo hufa. Tena kifurushi kikitoka na unyevu hakifai, kwa sababu kitambaa kibichi hupitisha vijidudu vya nje hadi ndani. Wewe unajua masika yetu: hata shuka huanikwa siku mbili. Na macho hayasaidii kitu. Mkasi uliopikwa vema na ule uliochovywa tu hung'aa sawasawa.

Ndiyo maana kuna utepe unaobandikwa juu ya kifurushi, wenye mistari inayogeuka myeusi kwa joto. Huo husema tu kwamba kifurushi kimepita mashineni. Kikaratasi kingine huwekwa katikati ya vyombo, nacho hugeuka rangi pale mvuke ulipokifikia kwa joto na muda wake. Vyote ni vitu vidogo, lakini huisha, na vikiisha upasuaji unaendelea bila ushahidi wowote.

Livingstone, aliyekuwa mganga, alikwama hapa kwetu, palipoitwa Bambarre, mwaka 1870, vidonda vikimla miguu, asitoke kibandani kwa wiki nyingi. Yeye tumsamehe kwa kutojua haya: Lister alikuwa ametangaza njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda mwaka 1867 tu, na habari zilifika Maniema kwa miguu. Sisi hatuna udhuru huo. Kule Yambuku, 1976, wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kila asubuhi, wakayasuuza kwa maji ya moto kiasi baina ya mgonjwa na mgonjwa. Ebola ikaua watu 280 kati ya 318 walioupata ugonjwa huo. Nchi yetu ililipa ada ya somo hili kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Mheshimiwa, mafuta ya otoklavu yaingie kwenye bajeti ya kila zoni ya afya, yasitoke mfukoni mwa mume anayesubiri nje. Pale ambapo jenereta ni ndoto, pelekeni otoklavu inayopikwa kwa moto wa kawaida, zipo. Pelekeni na mipira ya mfuniko, kwa maana mpira ukichanika mvuke hutoroka na mashine nzima hugeuka kabati. Na kila mpiko uandikwe daftarini: saa, joto, muda, jina la aliyepika, na kikaratasi chenyewe kibandikwe pembeni.

Siku utakapotutembelea utaonyeshwa majengo yaliyopakwa chokaa na utaimbiwa nyimbo. Pokea nyimbo. Kisha omba daftari la otoklavu, ufungue ukurasa wa jana.

Wako,
Raia wa Kabambare