Kalenda ya Chuo na Kalenda ya Pwani

Makomredi, acheni nianze kwa kuungama. Nikiwa mwaka wa kwanza, mwezi wa tano, tulimaliza mitihani tukakodi matatu hadi ufuo mmoja upande wa Watamu. Tulibeba spika, taa na jenereta, tukawasha moto mkubwa. Kama saa tano usiku mwenzetu mmoja akapiga kelele: "Jamani, jiwe linatembea!" Kumbe ni kasa. Alikuwa ametoka majini na kupanda mchanga hatua kadhaa. Sote tukamkimbilia na simu, tochi zikimmulika machoni. Akasimama, akageuka polepole, akarudi baharini. Sisi tukapiga makofi.

Asubuhi mzee mmoja mvuvi alizikuta zile alama mchangani. Tukamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia. Kisha akauliza, "Wanangu, mwajua alikuja kufanya nini?" Tukanyamaza. "Alikuja kutaga. Na nyinyi mmemnyima kitanda."

Kusema kweli, maneno hayo yamenikaa hadi leo. Baadaye nilisoma kwamba kasa jike huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na kwamba hurudi kwenye pwani ile ile alikozaliwa. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Vitoto vikitoka usiku hufuata upande wenye mwangaza, ambao kwa kawaida ni bahari. Ukiweka taa nyuma yao, vinakwenda kwenye taa.

Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968. Wengi wetu tunadhani kazi iliishia hapo: kuna askari, kuna ubao, basi. Mimi nasema hifadhi hailindwi kwa mpaka peke yake. Mpaka unaonyesha mahali tu, hausemi ni mwezi gani nani yuko njiani. Usiku ule hatukuwa na nia mbaya. Hatukujua tu, na kutojua kulitosha kumrudisha yule kasa.

Tangu hapo nina daftari. Ikifika Agosti naanza kwenda Mida, kule kwenye mikoko, maji yanapoanza kujaa na kuwasukuma ndege karibu. Ndio wakati wanapofika wale weusi kwa weupe wenye mdomo mnene, wala kaa. Wametoka pwani za Oman na Ghuba, ambako huchimba mashimo mchangani na kutagia humo. Wako pia vitwitwi waliozaliwa kaskazini kabisa, Siberia. Wanakuja na rangi ya kijivu, na kabla ya kuondoka, Machi na Aprili, vifua vinaanza kuwa vyekundu. Kati ya Julai na Septemba natazama nje ya miamba, maana nyangumi hupita wakitoka bahari za Antaktika. Na mkoko nao nauandikia: mbegu zake huota zikiwa bado juu ya mti, ndefu kama mikuki, kisha huanguka topeni. Naandika tarehe nilipoziona zikianguka.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nasoma uhasibu, mambo ya ndege ni ya watalii wenye darubini." Sikuwa na darubini. Nilikuwa na kalamu, nauli ya matatu na subira. Yule mzee hana hata daftari, lakini anajua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na nini hutokea katika kila kimoja. Sisi tutakaohitimu na digrii tunajua wiki ya majaribio na siku ya mwisho ya kulipa karo. Akiondoka yeye, nani atakumbuka? Kama sisi tunaoishi hapa hatuandiki, tutakuja kusoma habari za pwani yetu kwenye vitabu vya wageni.

Sipingi starehe, na mimi nitakuja kucheza. Naomba mambo mawili tu kwa chama chetu. Kwanza, ile kalenda inayobandikwa mabwenini iongezewe mstari mmoja kila mwezi: nani anafika, nani anaondoka, nini kinachanua. Nina kurasa za miaka miwili, nitazitoa bure, na mwenye zake alete tulinganishe. Pili, sherehe ya ufukweni ya mwisho wa muhula ihamishiwe mchana, hasa kati ya Machi na Julai ambapo kasa hutaga kwa wingi. Jua likizama, tuzime spika na taa, turudi chuoni.

Mwezi wa tano unakuja tena. Safari hii hatutaweza kusema hatukujua.